Chombo cha Angani Kilichofika Rusinga kwa Punda

Siku zile za kwetu, chombo cha angani kilifika kisiwani Rusinga kwa punda. Mliozaliwa miaka yangu mtanielewa bila shida, wengine mnivumilie. Punda alivuka njia ya mawe kutoka Mbita siku ya soko, ubavu mmoja amefungiwa televisheni iliyoviringishwa blanketi, ubavu wa pili jenereta. Nyuma yake alikuja mwenye mali, mtu wa Isebania ambaye sisi watoto tulimwita Japicha, yaani mtu wa picha. Mkononi alikuwa na kikapu cha kanda za video. Kanda hazikuwa na majalada wala namba. Ile ambayo mkono wake uligusa kwanza ndiyo tuliyotazama.

Mimi nilikuwa mtoto wa Rongo. Baba yangu alilima miwa huko, na kila shule ilipofungwa nilipelekwa kisiwani kwa baba mdogo, nikae na Dani, nyanya yangu, na Ouma, mwana wa baba mdogo, ambaye tulilingana kimo na ubishi. Mpaka leo nikisikia harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wanaokauka juani juu ya wavu, miguu yangu hutaka kukimbia. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama uliochachuka ukatufanya tufumbe jicho moja. Mchana ilikuwa nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka mpaka yakasahau yalikuwa vitu viwili. Dani hakupenda mtu ale akitembea. Alisema chakula changu chote kinashuka miguuni, ndiyo maana situlii. Labda alisema kweli. Leo nauza mashuka sokoni, nikilala Rongo naamkia Kosele, na nikifika Kosele natamani Mbita.

Sinema ya Japicha ilikuwa stoo ya nyavu, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta ikinguruma nje na moshi wake ukiingia ndani bila kulipa. Kiingilio cha sisi watoto kilikuwa kikombe cha omena. Kizungu cha mle ndani hakuna aliyekielewa, kwa hiyo Japicha alitutafsiria kwa Kiswahili chake cha mpakani, na pale ambapo hata yeye hakuelewa alitafsiri kwa sauti kubwa zaidi.

Hapo ndipo tulipokiona chombo. Mbele kilikuwa na sahani kubwa kama ungo, chini ya sahani shingo nyembamba, chini ya shingo tumbo, na nyuma mabomba mawili marefu yanayowaka rangi ya bluu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye sahani kwa herufi kubwa. Ouma alikasirika. Alikuwa mtoto wa mwenye boti na alijua chombo kinavyopaswa kuwa.

"Hiki kitapasua vipi mawimbi? Hakina hata pua."

"Angani hakuna mawimbi," nikamwambia.

"Umeenda?"

Sikuwa nimeenda. Lakini kesho yake tulianza kukiunda. Sahani tuliikata kwenye soli ya slipasi, mabomba yalikuwa matete, na shingo tuliifinyanga kwa udongo wa ufuoni. Kila mara kilivunjika shingoni. Nyumba nzima ilibaki na slipasi za mguu mmoja, na Dani akawa anauliza ni mnyama gani aliyeingia boma letu anayekula viatu vya kushoto tu. Watoto wa leo wananunuliwa ndege inayoruka yenyewe, wanaiangalia mara moja kisha wanaomba chaji.

Basi siku hiyo ya kwanza kile chombo chenye shingo nyembamba kiliungua. Kiliungua chote, kikaanguka, na watu wake wakakimbilia vyombo vidogo wakaokoka. Tulitoka stooni tukilia kama waliofiwa. Siku ya soko iliyofuata Japicha akaingiza kanda nyingine, na tazama, chombo hicho hapo kinapita kwenye nyota, kizima! Watu ni wale wale, jina ni lile lile. Ila umbo si lile. Shingo ilikuwa nene kama ya fahali na mabomba yamekuwa mafupi, yamesogezwa karibu na tumbo.

Tuliduwaa. Mtu wa kutuambia hakuwepo. Nilipomuuliza Japicha alisema, "Hiki ni mtoto wa kile." Baada ya muda kidogo akasema, "Hapana, ni baba yake." Halafu akasema tuache kumsumbua, jenereta inataka mafuta.

Kwa hiyo tulijieleza wenyewe, kwa njia tuliyoijua. Mimi nina jina la shangazi wa baba aliyekufa kabla sijazaliwa. Wanasema nilizaliwa nikalia bila kunyamaza, mpaka shangazi huyo alipomjia mama ndotoni, jina lake likatajwa sikioni mwangu, nikatulia. Sura yangu si yake, lakini jina ni lake, na wazee waliomjua waliniamkia kwa heshima hata nikiwa na makamasi. Chombo nacho kilikufa, tukasema, kisha mtu fulani huko angani akakiota, wakaunda kingine wakakipa jina. Haikutupa shida yoyote. Kilichotushinda ni kujua tu nani aliota.

Wakati huo huo nyumbani kulikuwa na jambo. Boti ya baba mdogo ilikuwa imepigwa na dhoruba kwenye mawe ikavunjika, na yeye na vijana wake wawili, Were na Ochola, waliogelea wakatoka salama. Boti hiyo iliitwa Nyar Kasgunga, binti wa Kasgunga, kwa sababu ndivyo Dani alivyoitwa tangu alipoolewa kutoka huko. Boti mpya ilikwisha kuundwa. Ilikuwa juu ya magogo ufuoni, mbao zake bado zinanukia, na haikuwa na jina. Bila jina hakuna aliyethubutu kuishusha majini. Ochola hakutaka kusikia jina la zamani. Alisema hilo ni jina la boti iliyokufa. Dani naye alisikia kwamba mwanawe anatafuta jina jingine, akaacha kuzungumza naye. Chakula chake alimpitishia mikononi mwetu kama mgeni asiyejulikana ametoka wapi.

Na siku za giza zilikuwa zinakaribia, zile ambazo mwezi hauonekani na omena huvuliwa kwa taa. Mwenye boti mwingine alikuwa amekwisha kuwaita Were na Ochola. Baba mdogo asiposhusha boti kabla ya giza angebaki na mbao mpya, nyavu kavu, na hana mtu wa kuvuta.

Jioni moja tukila, mimi na Ouma tulikuwa tunabishana kuhusu shingo. Baba mdogo akaacha tonge hewani.

"Chombo gani hicho kilichoungua kikarudi na jina lake?"

Tukamweleza sote wawili kwa pamoja.

"Na watu wakapanda tena?"

"Wale wale, Baba," Ouma akasema. "Hata yule mwenye masikio marefu."

Baba mdogo hakucheka. Siku ya soko alinyoa ndevu, akawachukua Were na Ochola, wakaja kuketi benchi la mbele stooni, magoti yamewafika kidevuni. Alitaka waone kwa macho yao. Sisi tulikaa nyuma na vyombo vyetu vya slipasi mapajani, tumejaa fahari, maana kwa mara ya kwanza watu wazima walikuwa wamekuja kujifunza kwetu.

Japicha akaingiza mkono kikapuni. Akaanza na kanda ya shingo nene. Kisha akaweka ile ya shingo nyembamba, ikaungua.

Ilipokwisha, Ochola akasimama.

"Mmeona wenyewe. Chombo kina jina, kimetembea vizuri, kikaja kuungua. Hata kubadilisha umbo hakukusaidia. Mimi nakwenda kwa yule mwingine."

"Ameanza na ya pili!" Ouma akapiga kelele. Tuliruka mbele na slipasi zetu. "Hii nyembamba ndiyo ya kwanza! Hii nene ndiyo iliyozaliwa baadaye!"

"Nani kakuambia?"

"Tuliona!"

"Mliona juzi. Mimi nimeona sasa hivi."

Baba mdogo akamgeukia Japicha. Sijawahi kuona mtu mzima akimtazama mwingine vile, kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Bwana, tuambie. Ipi ilitangulia?"

Japicha alitazama kanda, akatazama wanaume watatu, akatazama mlango. "Ndugu zangu," akasema, "kwangu mimi inatangulia iliyo juu kikapuni."

Were alicheka. Alikuwa mtu mrefu mwenye kicheko kilichoanzia tumboni, na alicheka mpaka benchi likalia. Kisha akatuuliza sisi watoto, "Kilipoungua, walikufa wangapi?"

Tulitazamana. "Hakuna. Waliokoka."

"Na kwenye hii nyingine?"

"Hakuna."

"Ochola, keti basi, unatuzibia runinga. Iwe imetangulia nyembamba au nene, watu wametoka wazima. Na sisi juzi kwenye mawe, nani alibaki ndani ya maji? Kilichovunjika ni mbao. Jina halijamla mtu."

Ochola alibaki amesimama. "Na shingo je?" akauliza.

"Shingo mwulize fundi."

Ochola aliketi. Alinung'unika, lakini aliketi.

Bado kulikuwa na Dani. Baba mdogo alikwenda akachuchumaa mlangoni pake, sisi tukijifanya tunatafuta kuku. Dani alikuwa anapepeta mtama.

"Mama, nimekuja kuomba jina."

"Lipi? Hilo mlilokuwa mnalitafutia mwenzake?"

Baba mdogo akaanza kuokota punje zilizoanguka.

"Watu huotwa wakishakufa," Dani akasema bila kuinua uso. "Mimi niko hapa na ungo wangu, mnazunguka sokoni kuuliza watu wa Isebania. Haya, andika. Lakini herufi ziwe kubwa kuliko za kwanza. Zile sikuwa nikiziona kutoka hapa."

Waliandika kwa rangi nyeupe, kila herufi kubwa kama mkono wangu. Boti ilishushwa wakati wa giza, na alfajiri ilirudi imejaa omena mpaka mimi na Ouma tukafika shuleni, yeye kwake na mimi baadaye Rongo, tukiwa bado tunanuka, na wenzetu wakihamia dawati jingine.

Hayo yote niliyabeba miaka hii yote bila kuyatilia shaka. Mwezi uliopita nilikuwa Rongo, nimeketi na binti yangu Akoth anayesoma chuo hapo. Yeye na rafiki zake huangalia picha zile zile za chombo chetu kwenye simu, kila mmoja na waya wake masikioni, katika chumba kimoja, hakuna anayemwuliza mwenzake kitu. Zimeendelea kutengenezwa muda wote huu, sikujua. Nikamwuliza kuhusu shingo.

Hakuhitaji hata kufikiri. "Ya shingo nene ilitengenezwa baadaye, Mama, lakini hadithi yake ni ya kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya ile iliyoungua. Hiyo nyembamba ndiyo ya mwisho. Halafu kuna nyingine ya wakati mwingine ambao haukutokea, hiyo usihesabu."

Nilimwomba arudie. Alirudia, nikaelewa kidogo kuliko mara ya kwanza. Yaani umbo jipya ndilo la zamani? Na la zamani ndilo lililokuja mwisho? Nilitoka nje nikampigia Ouma, ambaye siku hizi yuko Sori, anatengeneza injini za boti.

"Huyo mtoto alikuwepo stooni?" akauliza.

"Hakuwepo."

"Basi. Lakini Atieno, iliyoungua si ilikuwa ile ya shingo nene?"

"Ouma! Nyembamba!"

"Mimi nakumbuka nene."

"Slipasi ya nani ilivunjika shingo kila siku?"

"Hiyo ni kwa sababu ulikuwa hujui kufinyanga."

Tulibishana mpaka salio likaisha. Akoth alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, ananihurumia. "Mama, si ningewaonyesha tu? Zote ziko hapa zimepangwa."

Sina ugomvi na watoto wetu. Wanajua vingi, na wanavijua vimepangwa vizuri. Sisi tulikuwa na kioo kimoja kwa kijiji kizima, tukaangalia mambo kuanzia mwisho, katikati, popote, tukatoka nje tukajaziana yaliyobaki kwa kelele na udongo. Nilimwambia Akoth aweke simu kando kwanza. Nilikuwa namfikiria baba mdogo kwenye lile benchi, ndevu zimenyolewa, akimwuliza Japicha ipi ilitangulia. Kama binti yangu angekuwepo na simu yake, angemjibu kabla hajamaliza swali. Ochola angeoneshwa kwamba yeye ndiye aliyeona sawa, kwamba jina lilitembea kisha likaungua, na angeondoka akiwa sahihi kabisa. Na boti ingebaki pale juu ya magogo.