Ombi la Pili

Jumamosi moja kila mwezi, mchana, wanawake saba tunakutana katika mkahawa karibu na soko la Gakoromone, hapa Meru, kuzungumzia vitabu. Kikundi nilikianzisha mimi, kwa hivyo lawama zote huja kwangu. Lawama kubwa ni kwamba napendekeza riwaya zilezile: za Uingereza ya miaka mia mbili iliyopita, wakati mfalme alikuwa mgonjwa na mwanawe akamshikia kiti, wasichana wakivaa glavu kwenda dansi na mama zao wakiwapigia mahesabu wanaume wenye mashamba. Nikijaribu kubadilisha, nachagua riwaya mpya iliyoandikwa juzi na mtu anayeziiga hizo za kale. Mwezi uliopita mmoja wetu, mwalimu wa hisabati asiye na muda wa kupoteza, aliweka kikombe chini akaniuliza, "Lakini madam, hizi si ni story za wazungu tu? Sisi zinatuhusu na nini?"

Nilimjibu ninavyojibu siku zote. Nikamwambia azivue hadithi hizo glavu aone kinachobaki. Nyumba yenye mabinti tu, bila mvulana hata mmoja. Shamba ambalo baba akifa litaenda kwa binamu wa kiume. Mama anayesikia gari likikata kona na kukimbilia kubadilisha kitambaa cha meza. Wageni wanaokaa sebuleni wakiongea juu ya mvua, ilhali kila mtu anajua hawakuja kwa ajili ya mvua. Nikamwuliza kama hiyo ni Uingereza au ni kwao huko milimani. Wenzangu walicheka, naye akakubali kwamba nimemweza. Mimi sikucheka. Jibu hilo ni la kweli, lakini si lote, na sehemu iliyobaki sijawahi kuisema pale mezani.

Tulizaliwa wawili tu, dada yangu na mimi, nje kidogo ya Gachoka, kule chini kwenye joto. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Shule ilipotupa vitabu vya zamani vilivyoanza kuliwa na mchwa, yeye aliviokota akavileta nyumbani kwa baiskeli, ndani ya gunia. Humo ndimo nilimozikuta riwaya zile. Msimu wa ndengu, baada ya kupura, tulikaa kwenye turubai upande wenye kivuli, dada akichagua mawe na punje mbovu, mimi nikisoma kwa sauti na kutafsiri kwa Kimbeere, lugha ya kwetu, pale Kiingereza kilipokuwa kigumu. Alikuwa amenizidi miaka sita. Aliacha shule kidato cha pili ili mimi niendelee, na hakuna aliyemwuliza kama anataka.

Alichopenda zaidi ni ombi la pili. Katika riwaya hizo mwanaume mara nyingi huomba vibaya mara ya kwanza. Huomba kama mtu anayeagiza mbolea. Msichana humkataa, mwanaume huondoka amenuna, hutembea kwenye mvua mpaka akili imrudie, halafu huja tena na maneno yanayofaa. Dada alinifanya nizisome kurasa hizo mpaka zikalegea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana, na ndiye niliyekuwa mtaalamu wa mapenzi nyumba nzima.

Mwanaume wake alitoka Ishiara, alikokuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo. Alikuwa mkavu wa maneno. Akija kwetu alizungumza na Baba juu ya wadudu wa ndengu, na akimaliza alitafuta kitu cha kutengeneza. Ndiye aliyetuunganishia bomba la kupeleka maji ya paa kwenye tanki. Siku moja alimwambia dada langoni kwamba ameongea na wazee wao na watakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Basi. Hakuna nakupenda, hakuna hata wewe unaonaje. Dada alimpenda mtu huyo, nilijua, kwa sababu kila akisikia anakuja alifua nguo zilizokuwa safi tayari. Lakini alitaka kuambiwa. Alikuja kwangu na machozi, nami nikampa ushauri.

Kwetu, vinywaji vya posa havifunguliwi mpaka msichana aulizwe mbele ya wote. Zamani ilikuwa pombe ya asali. Kwa watu wa kanisa kama sisi ni soda, na asali yenyewe bila pombe. Baba humwuliza binti yake: tunywe? Akisema mnywe, amekubali, na mazungumzo ya mahari yanaanza. Akisema msinywe, vyote vinarudi vilikotoka pamoja na waliovileta. Nilimwambia dada aseme msinywe. Nilimweleza, kwa ujasiri wote wa kidato cha nne, kwamba mtu wa aina ile hapati maneno mpaka akataliwe. Atarudi, nikasema. Wote hurudi.

Jumamosi hiyo walikuja na pikapu, kreti nne za soda na jerikeni la asali. Walikunywa uji wetu, wakaongea juu ya mvua. Yeye alikaa mwisho wa benchi, ndani ya koti lililombana mabegani, akitazama viatu vyake. Dada aliitwa kutoka jikoni. Baba akauliza kwa sauti ya mtu anayejua atakachojibiwa, "Mwanangu, wageni wetu wameleta vitu. Tunywe?"

Dada alinitazama. Nami, Mungu anisamehe, nikamkonyeza.

"Msinywe," akasema.

Hakuna aliyepandisha sauti. Msemaji wao alishukuru kwa uji, akasimama, na wote wakasimama. Walirudisha kreti kwenye pikapu moja baada ya nyingine, chupa zikigongana, majirani wakiangalia. Asali aliibeba yeye mwenyewe. Alipofika karibu na dada alisimama, nikajua sasa maneno yanakuja. Alimwuliza kama lile bomba la tanki bado linavuja. Dada akamwambia halivuji tena, naye akaenda kupanda gari.

Tulingoja. Mwanzoni tulingoja kwa furaha, nasema ukweli, kama watu wenye siri. Dada alishonesha rinda jipya. Kila gari lililokata kona ya kwetu lilimtoa jikoni. Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba katika riwaya zile mwanaume huomba peke yake, mlango umefungwa, na akikataliwa aibu ni yake mwenyewe na anaweza kuimeza. Kwetu ulioomba ni ukoo. Niliyemfanya dada amkatae hakuwa yeye tu. Walikuwa wajomba zake watatu, shangazi yake na mzee wa kanisa lao, mchana kweupe. Hata angetaka kurudi, angerudi na nani? Mwaka uliofuata tulisikia sokoni kwamba ameoa. Dada alikuwa anampimia mteja ndengu. Alimaliza kupima, akafunga mfuko vizuri, na hakuvaa lile rinda hata siku moja.

Hakuja mwingine. Habari ilishaenea kwamba nyumba ile hurudisha soda za watu. Baba alifariki, na binamu yetu akaanza kulima shamba kabla hata maua ya kaburini hayajakauka. Najua sheria inatupa haki, nimewasomea Mama na dada sheria hiyo neno kwa neno. Lakini sheria iko Nairobi na trekta la binamu liko langoni. Wamebaki na nyumba na kipande cha mbele. Dada huchagua ndengu za watu wengine siku hizi, kwenye turubai lile lile lililojaa viraka. Hajawahi kunilaumu, hata neno moja. Natamani anitukane.

Mimi ndiye niliyefaidika, kama kuna aliyefaidika. Nilisoma, nikapata kazi ya ofisi Meru, nikaolewa na mtu mwenye maneno mengi. Na ninaandika. Naandika riwaya zinazosomwa kwa simu, sura moja kila Ijumaa, zenye mabinti wa Mbeere na wanaume wakavu wenye maduka. Nimebadilisha farasi nikaweka pikapu, lakini ni zile zile, watoto wa vitabu vya gunia. Katika kila moja msichana anakataa, na katika kila moja mwanaume anarudi. Nimewarudisha kumi na mmoja mpaka sasa. Wanawake nisiowajua huniandikia kwamba wamelia kwa furaha, nami huzima simu na kukaa nayo mapajani, nikijua vizuri ninachowauzia.

Mwaka huu nilichoka na uongo. Niliandika ilivyokuwa, kreti na jerikeni na bomba, na mwanaume asiyerudi. Dada ndiye msomaji wangu wa kwanza siku zote, nikamtumia kabla ya mtu mwingine. Alinipigia kesho yake adhuhuri.

"Nimepita pale pa soda, nimefika mwisho," akasema. "Huyu wako hakurudi."

Nilijua wakati umefika, baada ya miaka kumi na minne, na nilikuwa tayari. Nikamwambia hakurudi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwamba aliyemshauri ni mimi.

"Najua nani alinishauri," akasema. "Hii usiwatolee watu. Fanya arudi."

Nilimwambia sitaki tena kudanganya watu. Akanijibu bila hasira kwamba mimi nina mume, nina kazi, nina wenzangu wa vitabu na chai huko Meru. Yeye ana Ijumaa. Akasema wanaume wangu ndio pekee ambao bado wanakata kona ya kwetu, na nikianza kuwazuia nao pia, atangoja nini?

Nikafuta sura ya mwisho. Nilimrudisha mwanaume Jumamosi, peke yake, asali mkononi, nikampa maneno yote ambayo yule hakuwa nayo. Hayakunichukua hata saa moja; nimeyaandika mara nyingi mno. Ijumaa ilipofika dada alinipigia mapema, intaneti ya kwao ilikuwa chini na sura ilikuwa imekataa kufunguka.

"Amerudi?"

"Amerudi."

"Na msichana alisema nini?"

"Alisema mnywe."

Nilisikia punje za ndengu zikidondoka kwenye beseni, chache chache. Kisha akaniambia sawa, ataisoma intaneti ikirudi, na kwamba kuna wingu upande wa Kiambere na lazima aondoe ndengu za watu nje.