Jembe Lililofungwa Kitenge

Juzi stendi ya Mbinga nilimwona mwanamke amebeba jembe lililofungwa kitenge. Harufu ya dagaa wa usipa na dizeli ikanirudia.

Nilikuwa darasa la saba. Boti ilitupeleka Lituhi, kando ya ziwa, kwa wazazi wa mama. Tangu tuondoke kijijini kwetu Ukata, baba na mama hawakusemezana. Baba alipakata jembe la mama, limefungwa vizuri, nami nikadhani ni zawadi ya kumpelekea babu.

Ziwa lilipochafuka, baba, mtu wa milimani, alimkamata mama mkono.

“Usiogope, baba Tumaini,” mama alisema.

Nikamshukuru Mungu. Wamepatana!

Babu alitupokea ufukweni. Baba aliuachia ule mkono, akamkabidhi babu jembe.

“Shikamoo, mzee. Nimemrudisha binti yako, na jembe lake.”