Mke Mwenza wa Gauni la Buluu

Nakhisa aliuza nyuzi na vifungo katika maduka ya Kikuubo, Kampala, miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwonea mwanamke yeyote wivu. Si kwamba mumewe hakuwa na sura. Okwir alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, mrefu kama watu wengi wa kwao Lira, na akivaa ile sare nyeupe wasichana wa Kampala waligeuza shingo. Lakini Nakhisa alijua alivyompata. Okwir alikuja dukani kutafuta vifungo vya shaba vya sare. Yeye hakujua Kibukusu cha Nakhisa, Nakhisa hakujua Kilango cha Lira, wakaongea Kiswahili, na mwezi huohuo afande akarudi kununua vifungo mara sita. Sare moja ina vifungo vinane. Vingine alikuwa anavishonea wapi?

Basi wivu ulimkuta Nakhisa uzeeni, tena ulipitia mlango wa zawadi.

Okwir alipostaafu, binti yao Akumu alimletea gramafoni kuukuu iliyotengenezwa upya. Mzee akaenda chumbani, akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akatoa sahani ya santuri iliyofungwa ndani ya blanketi la polisi. Nakhisa hakuwahi kuiona. Juu ya jalada alikuwa mwanamke wa Kizungu, mwimbaji wa zamani, kavaa gauni la buluu, mabega nje, anatazama pembeni kama mtu anayesubiri kuombwa radhi. Nyimbo zilikuwa kumi na mbili, zote za kwenye filamu za zamani, na nyuma ya jalada kila wimbo uliandikiwa jina la filamu yake.

"Huyu nani?"

"Mwimbaji tu, Mama Akumu."

"Mwimbaji tu, na umemfunika blanketi miaka yote hii?"

Tangu siku hiyo, kila saa kumi alasiri, kabla baa za mtaa wao wa Kabalagala hazijaanza kelele zao, Okwir aliketi barazani na chai yake, akaweka upande wa pili, wimbo wa tatu. Akafunga macho. Wimbo ukifika katikati, mkono wake uliinuka, ukairudisha sindano nyuma. Tena. Na tena. Chai ikapoa.

Nakhisa alichambua maharage huku akizitazama kope zile zilizofumba. Nyuso zote za mume wake alizijua: ya njaa, ya homa, ya kuficha kwamba amemkopesha ndugu yake baiskeli. Hii hakuijua. Nani yuko ndani mle?

Jirani yao Joska, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko, alichungulia juu ya ukuta. "Mama Akumu! Mke mwenzako ameamkaje leo?"

"Ameamka na njaa. Amekwisha kula masikio ya mzee."

Wakacheka. Kisha Joska akashusha sauti. "Lakini dada, mwanamume hafungi macho bure. Anaona mtu."

Neno lile likamkwama Nakhisa kama mwiba wa samaki. Akaanza kumsikiliza adui yake. Kanisani aliimba sauti ya pili, sikio lake lilikuwa limefundishwa, na haikupita wiki akawa anamjua mwanamke yule kuliko anavyowajua mawifi zake: anapotetemesha sauti, anapochelewa makusudi, na lile neno la mwisho wa mstari ambalo hulishika akalivuta mpaka ungeweza kuepua sufuria, ukaifunika, ukarudi ukamkuta bado yuko palepale. Siku moja alijikuta jikoni akiuimba wimbo ule yeye mwenyewe. Akajipiga kofi mdomoni.

Akaandika jina la filamu kwenye kijikaratasi, akaenda Wandegeya, kwenye kibanda kimoja kati ya hosteli za wanafunzi ambako filamu huuzwa kwa kunakiliwa.

"Nnyabo, hii ni ya mababu," alisema mwenye kibanda. "Ninayo, lakini ni ya kutafsiriwa."

Ya kutafsiriwa maana yake kuna mtu, viijee, anayezungumza Kiganda juu ya filamu yote, akiwapa Wazungu majina na makwao apendavyo. Nakhisa akakalia kigoda, akatazama. Mwishoni askari mmoja alikuwa anashuka ngazi za hoteli, na mwanamke amesimama juu, ameshika nguzo.

"Mnamwona huyu?" viijee alipaza sauti. "Huyu ni afande wa Lira! Anarudi kwa mke wake, lakini moyo kauacha huko juu kwa Zulaika!"

Wanafunzi waliokuwa kibandani wakaangua kicheko. Mwanamke wa kwenye filamu akafungua kinywa kuimba, wimbo ni uleule, na viijee akausemea juu kwa juu mpaka ukaisha.

Nakhisa alijua kwamba maviijee hutia chumvi. Mtoto yeyote wa Kampala anajua hilo. Ila wivu hauonji, humeza chumvi ukidhani ni chakula. Alipofika Kabalagala, askari wa kwenye ngazi alikuwa amekwisha vaa sare nyeupe yenye vifungo vinane, na vifungo vyenyewe aliuziwa na Nakhisa.

"Afande," alisema mlangoni. Jina hilo hakumwita mumewe ila kwa hasira. "Zulaika ni nani?"

"Zulaika gani?"

"Uliyemwacha kwenye ngazi."

"Ngazi gani, mama? Nyumba yetu haina ngazi."

"Usinichezee! Filamu nimeiona yote. Unafumba macho kila siku unamwangalia, mimi nimekaa hapa na maharage kama mpishi wa harusi ya watu!"

Okwir alitaka kucheka. Kisha akaona kidevu cha mkewe kinatetemeka, akaacha. "Hiyo filamu mimi sijaiona hata siku moja. Na huyu mama simsikilizi."

"Humsikilizi!"

"Nafunga macho ili nimwondoe." Akashusha sindano. "Usimsikie yeye. Sikia chini yake. Ngoja... sasa. Huyo."

Chini ya sauti ya mwanamke ilipita tarumbeta, polepole, kama mtu anayepita nyuma ya pazia.

"Huyo mwanamume namwonea wivu tangu Akumu hajazaliwa," alisema Okwir. Akaeleza. Bendi ilitakiwa kuupiga wimbo huo mbele ya wageni wakubwa, na mkuu wa bendi akampa sahani ajifunze kwa sikio. Kwa wiki tatu pumzi yake ilikatika mahali palepale. Kipande akapewa mwenzake, Opoka. Opoka akaruka nusu ya kipande, watu wakapiga makofi hata hivyo, na tangu hapo kila kipande cha kupiga peke yake kikawa cha Opoka. Okwir akasimama safu ya pili mpaka siku ya kustaafu. Sahani hakuna aliyeidai. "Natafuta kitu kimoja tu. Huyu mtu anavuta pumzi wapi? Hakuna mahali."

"Opoka!" alisema Nakhisa. "Opoka nilimpikia chapati katika nyumba hii! Na wewe umelala naye kitandani kwangu miaka yote hiyo, hukuniambia?"

Okwir akainua sindano.

Nakhisa akavuta kiti. "Rudisha." Akasikiliza. "Tena." Mara ya tatu akainua kidole. "Hapo."

"Wapi?"

"Yule mama anaposhika neno la mwisho akalivuta. Hapo tarumbeta haipo, wewe unadhani ipo. Mpigaji anapumua chini ya sauti yake. Mama anamfunika."

Okwir akairudisha sindano. Kinywa chake kikabaki wazi. Miaka yote amekuwa akimwondoa yule mwanamke, na pumzi ilikuwa imefichwa ndani yake.

Akaingia chumbani, akatoka na tarumbeta. "Mama Akumu, niimbie sauti ya yule."

"Ya yule?" Nakhisa akalichukua jalada, akaligeuza gauni la buluu likaelekea ukutani. "Kwa sharti. Macho wazi."

"Wazi hivi?"

"Unitazame mimi."

Akaimba. Midomo ya mzee ilikuwa imechoka, meno mawili hayapo, tarumbeta ikakoroma kama mbuzi aliyezuiwa zizini. Nakhisa hakucheka. Walipofika mahali pale, akalishika neno la mwisho.

"Mama Akumu!" Joska aliita kutoka ukutani. "Leo mke mwenza ana sauti nene!"

Nakhisa alikuwa amelishika neno, anamtazama mumewe mabega yanavyopanda, wala hakuliachia mpaka alipoona amejaza pumzi ya kumtosha.