Bibi Mwenye Chungu cha Moto

Harufu ya petroli ndiyo iliyonirudisha kule. Jumapili umeme ulikatika hapa Karatu, jirani akawasha jenereta lake, nami nikaendelea kuangalia muvi kwenye simu. Ilikuwa ya tatu kwa wiki hiyo. Ya kwanza steringi, yule shujaa wa picha, alikuwa na sura nzuri lakini kulia hajui, anakunja uso kama aliyeng'ata ndimu. Ya pili ndefu bure, mtu anaendesha gari na hafiki. Hii ya tatu nilimjua muuaji kabla sijamaliza chai. Mume wangu husema mimi siangalii muvi, natafuta makosa. Hajakosea. Kuna muvi moja ninayoitumia kupimia nyingine zote tangu darasa la tano, na hiyo yenyewe sijaiona hata siku moja.

Ngoja niwaeleze, ila msinicheke.

Mjomba wangu Shabani alikuwa na banda la video nyuma ya duka la baba. Mabenchi ya mbao, magunia madirishani, televisheni moja juu ya meza, na jenereta linanguruma nje. Jumamosi mchana nilikaa bure juu ya kreti ya soda, nikivuta petroli na kuangalia picha za Kichina mpaka macho yanawasha. Jumatatu shuleni nilikuwa mtu mkubwa. Mwezi wa saba baridi ya Karatu hung'ata masikio, na kengele ya mapumziko ikilia wote tulikimbilia ukuta wa darasa la saba kuota jua. Palikuwa na jiwe pale lililopata jua kuliko sehemu yoyote, na kwa sheria yetu watoto jiwe hilo lilikuwa la msimuliaji. Aliyeona muvi anakaa, wengine wanasimama kumzunguka, na anayesimulia hakatizwi. Miaka miwili jiwe lilikuwa langu. Steringi akaruka, tii! Adui chini, puu! Wenzangu walishangilia mpaka mwalimu anatoka ofisini kutufokea.

Basi akaja Paskalina. Alihamia kutoka kijijini Daa kuishi na shangazi yake mjini, msichana mwembamba, sweta limetoboka viwikoni, Kiswahili chake kimejaa lafudhi ya Kiiraqw. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona, niliugua. Jumatatu moja nilichelewa kutoka darasani, nikamkuta amekaa kwenye jiwe langu.

Alikuwa anasimulia habari ya bibi kizee. Bibi ndiye steringi! Nilitaka kucheka, steringi gani hana meno? Mwanawe bibi huyo alikaa ng'ambo ya mlima, mkewe amejifungua, na moto wa nyumbani kwao umezimika kwa mvua. Bibi akaweka makaa kwenye chungu, akafunga kanga, akaanza kupanda. Njiani akawa anayalisha makaa yale vijiti, vijiti vikaisha, akayalisha ukindu wa kikapu chake. Kila mapumziko Paskalina alisimulia kipande; kufika Jumatano bibi akavunja fimbo yake ya kutembelea, akayalisha makaa, akaendelea kwa kutambaa. Hakuna tii wala puu, na hakuna mtoto aliyekohoa. Mimi nilisimama nyuma yao kivulini, masikio yameganda, roho inaniuma. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda, na mama akadhani nina minyoo.

Alhamisi nikamwendea mjomba. "Mjomba, una ile picha ya bibi mwenye chungu cha moto?"

Alicheka hadi akakaa. "Mwanangu, nani atoe hela yake kumwangalia bibi anapanda mlima?"

Akaniambia pia kwamba shangazi yake Paskalina ni mlokole, televisheni kwake ni shetani, na mtoto yule hajawahi kukanyaga banda lolote pale mjini. Nilirudi nyumbani naruka ruka kwa furaha.

Ijumaa bibi alikuwa amefika kilima cha mwisho. Nyumba ya mwanawe anaiona, ila haioni ikitoa moshi. Chunguni limebaki kaa moja, dogo kama punje ya harage. Bibi akafungua kanga, akainama apulize...

"Muongo!" nikapiga kelele. "Hakuna muvi hiyo! Hajaona hata moja huyu!"

Paskalina alinitazama. "Mimi sikusema nimeiona," alisema taratibu. "Nilisema niwasimulie."

Lakini watoto ni watoto. "Muongo! Muongo!" wakaimba wote, wakipiga makofi. Akanyanyuka, akapangusa sketi, akaenda kusimama kwenye tanki la maji, kule jua lisikofika. Nami nikakalia jiwe langu, bado lina joto lake. Nikaanza kwa mbwembwe: steringi akaruka, tii!

"Kwa nini anampiga?" akauliza rafiki yangu Neema.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Jamani, picha zile zilikuwa za Kichina. Miaka yote miwili sikujua hata mmoja wao alikuwa anagombania nini. "Adui ni adui," nikamjibu, na wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Paskalina hakusimulia tena mpaka tulipomaliza shule.

Mwezi uliopita, siku ya mnada, nilimkuta anauza vitunguu. Tulikumbatiana, tukaulizana habari za watoto, akanitania jinsi nilivyonenepa. Nikajikaza, nikauliza swali nililolibeba tangu utoto.

"Paskalina, yule bibi alifika?"

"Bibi gani tena?"

Kabla sijajibu, bintiye wa miaka kama saba, aliyekuwa akichambua vitunguu pembeni, akainua kichwa. "Si yule wa chungu, mama! Alifika, halafu yule mtoto mchanga akapewa jina la—"

"Emi, nyamaza," mama yake akamkatiza, huku anatabasamu. Akanigeukia. "Hiyo ni ya kwangu na wanangu, dada. Nikupimie kilo ngapi?"

Utotoni nilidhani Paskalina ameninyang'anya wasikilizaji. Sasa najua kwamba pale ukutani hakuna aliyetaka kuujua mwisho kuliko mimi, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nikachukua kilo mbili, nikaaga. Nilipogeuka nikamwona Emi amemwegemea mama yake, anamnong'oneza kitu sikioni, wote wawili wanacheka, na mimi, mtu mzima na kikapu changu mkononi, nikamwonea wivu mtoto wa miaka saba.