Nyaya za Mzee Nyoosha

Mafundi wenzake walimwita Tesa, jina la kile kipimo cha umeme, kwa sababu hakugusa kitu kabla ya kukipima, na wenye maneno yao walidai hata sufuria ya chai huipima kwanza. Mwenyewe wala hakujali. Ufundi umeme aliurithi kwa baba yake, Mzee Nyoosha, aliyepewa jina hilo kwa jinsi nyaya zake zilivyonyooka ukutani kama zimepigwa pasi. Mzee aliacha kazi mwaka juzi, goti lilipogoma kupanda ngazi, na tangu hapo kitu pekee alichobaki nacho cha kujivunia kilikuwa jina lake. Akipita mtaani humwonyesha yeyote aliye karibu: "Ile pale kazi yangu. Na ile." Watu huitikia kwa adabu, hata waliokwisha kuonyeshwa mara kumi.

Asubuhi moja seremala, rafiki wa mzee wa siku nyingi, alimwita Tesa amwongezee soketi kwenye karakana yake. Tesa alimkuta amesimama mbele ya mashine ya kuranda, juu ya ubao, miguuni kandambili za mpira.

"Mbona umepanda jukwaani?"

"Hii mashine ina salamu," seremala akacheka. "Ukiigusa ukiwa chini, inakupa mkono. Tumeshazoeana, mwaka wa nane huu."

Tesa hakucheka. Alizima swichi kuu, akapima kuhakikisha umeme umekatika kweli, ndipo akafungua kisanduku cha chuma kilicho kando ya mashine. Waya ulioingia humo ulikuwa wa ganda la chuma. Kanuni inataka ganda hilo libanwe kwenye kisanduku kwa kibanio chake, chuma kwa chuma, kisha kisanduku na mwili wa mashine viunganishwe na waya wa ardhi, ili umeme ukivuja ukimbilie ardhini na swichi ijikate. Hapa ganda lilikatwa, likafungwa tepu nyeusi mzunguko kwa mzunguko bila mkunjo hata mmoja, likapenyezwa kwenye tundu tupu. Halikushikana na chochote. Waya wa ardhi haukuwepo kabisa. Mkono uliofunga tepu ile aliujua. Ndio uliomfunga kamba za viatu alipoanza shule.

Tangu utotoni alimsikia baba akisema ganda la chuma ni la kuzuia panya, basi, kama alivyofundishwa na bosi wake wa kwanza. Chuoni Tesa alijifunza kwamba si kweli, na hakuthubutu kumwambia. Alijifariji kwamba ni maneno tu, mzee kazini anafanya sawasawa.

"Rekebisha kimyakimya," seremala alinong'ona alipoelezwa. "Baba yako yuko njiani, anataka kukuona ukifanya kazi. Mwambie panya wameharibu. Ukimwambia ukweli utamuua kwa aibu."

Tesa alitamani sana kufanya hivyo, tusidanganyane. Angefunika, jina la baba lingebaki safi, na jioni wangekunywa chai kwa amani. Lakini kazi za baba zimetapakaa mji mzima, na si kila nyumba ina ubao wa kusimamia.

Mzee aliingia akichechemea, akavaa miwani. "Ehe, kuna nini?"

"Baba, hii ni kazi yako, na ina kosa. Mashine haina njia ya ardhi. Mtu akiishika na miguu mibichi, inamuua."

"Miaka arobaini!" mzee akafoka. "Miaka arobaini hajafa mtu!"

"Hajafa unayemjua, baba."

Neno lilimtoka, na papo hapo akatamani kulimeza. Seremala alijifanya anatafuta penseli. Mzee alikaa kwenye gogo, akakiangalia kile kisanduku muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nionyeshe," alisema.

Tesa alikata ganda nusu kwa msumeno wa chuma, nusu nyingine akaivunja kwa kulikunja, meno yasije yakala nyaya za ndani. Akavisha kibanio, akakaza nati, kisha akakwangua rangi ya kisanduku.

"Rangi imekukosea nini?"

"Inazuia umeme kupita, baba. Chuma kiguse chuma."

"Lete hiyo spana, nikaze mimi."

Walikaza pamoja, wakafunga waya wa ardhi kwenye kisanduku na kwenye mwili wa mashine. Upande wa swichi kuu walikuta kosa lile lile, wakalirekebisha vivyo hivyo. Tesa alipima: njia ya ardhi ilikuwa nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Akarudisha umeme, akapima tena mwili wa mashine, safi. Seremala akashuka kwenye ubao, akaigusa kwa ncha ya kidole, akasubiri. Kimya. Akacheka mpaka akakohoa.

Mzee hakucheka. "Toa simu, uandike."

"Niandike nini?"

"Shule ya chekechea, jikoni, visanduku viwili. Kinyozi wa kona, kimoja. Zahanati, pampu ya maji, na chumba cha kufulia." Alifumba macho, akawa anapita mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango, bila kuruka. Alipofika kisanduku cha kumi na saba Tesa akamwomba apumzike.

"Andika, mwanangu," mzee alisema. "Na ufunge mkoba wako. Watoto wa chekechea wanatoka saa sita, jikoni hakutakuwa na mtu."