Toa Kilo ya Gunia

Mimi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko watu wote wa Kianjokoma. Nikisoma kilo pale kituo cha majani chai, ng'ombe wa Ruiri, huko mbali Meru, huacha kunywa maji wakageuza masikio. Kwa miaka tisa nimekuwa karani wa kituo hicho. Mkulima anatundika gunia lake kwenye ndoano, mimi natazama mshale wa mizani, naita kilo foleni yote isikie ili kesho mtu asiseme ameibiwa. Halafu namalizia, "Toa kilo ya gunia!" Maana gunia lenyewe lina uzito, na siku ya mvua linabeba maji, na kiwanda hakinunui maji.

Lori likichelewa tulikuwa na mchezo wetu. Mtu mzima anashika ndoano kwa mikono miwili, anakunja miguu, na mimi naita kilo zake. Mimi mwenyewe nilining'inia mara nyingi, na mshale ulikuwa unazunguka mpaka unatafuta mahali pa kujificha. Tulicheka hadi tukaumwa na mbavu. Kwetu mtu akikuambia umenona, amekusalimia vizuri. Na mtoto akirudi kutoka shule ya bweni na mashavu, mama yake hutembea kifua mbele wiki nzima.

Basi Aprili binti yangu alirudi na mashavu. Alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Nyumbani tulikuwa wawili tu, maana baba yake anafanya kazi Meru mjini na huja mwisho wa mwezi. Siku hiyo alileta gunia letu kituoni mvua ikinyesha, sweta imemlowa mwilini. Lori lilikuwa limechelewa.

"Hebu shika ndoano," nikamwambia.

"Mami, wacha."

"Kuja! Watu waone vile shule inalisha!"

Akashika. Nikaita kilo zake kwa ile sauti yangu ya kufika Ruiri. Namba yenyewe siandiki hapa. Jirani mmoja kwenye foleni, mama mcheshi tu, akasema, "Huyo naye mtoe kilo ya gunia!" Na mimi, karani mzima, nikajibu kwa sauti ya juu zaidi, "Na moja ya maji!"

Foleni ikaangua kicheko. Binti yangu akaiachia ndoano, akaokota kamba yake ya kubebea, akapanda kilima bila kugeuka. Nikafikiri anawahi kukamua ng'ombe.

Agosti alirudi bila mashavu. Hakuwa amekonda kwa kutisha, hapana. Alikuwa amepungua tu, na kila mtu njiani alimsifu. "Umependeza! Umekuwa msichana wa mjini!" Nikiweka mukimo wa mahindi na viazi mezani ananiambia, "Nafunga, Mami. Naombea mtihani." Nikaona nimebarikiwa. Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda: kwamba watoto wa siku hizi hawawezi kufunga hata zipu, lakini wangu anafunga chakula, na kwamba akiendelea hivyo mbinguni watamtengea kiti cha mbele. "Bwana asifiwe!" Kanisa lote likaitikia amina. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Tena sikufanya hivyo Jumapili moja. Nilifanya tatu.

Sasa, mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na miaka arobaini na moja, nimebanwa kwenye dawati la mtoto hadi siku ya kutoka lilitaka kuja na mimi nyumbani. Cheti hicho ndicho kilichonipatia kibarua cha siku chache Agosti hiyo hiyo. Watu wa chuo kikuu walikuwa wanafanya utafiti kuhusu kula, uzito na msongo wa mawazo, wakataka wenyeji wa kusoma maswali kwa Kiswahili na kuyaeleza kwa Kiembu mtu asipoelewa. Tukaitwa Embu mjini kufundishwa.

Mwalimu wa utafiti alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, ya kulazimisha mtu ainame. Mimi nilikaa mbele. Aliposema kuna ugonjwa wa mtu kukataa chakula, nikainua mkono.

"Mwalimu, huku kwetu watu hawakatai chakula. Ni chakula kinachokataa kuja!"

Darasa likacheka. Yeye akatabasamu, akasema, "Karibu usome ukurasa wa tatu wa maswali, mama. Kwa sauti, wenzako wasikie."

Hapo ndipo alipokosea, au alipopatia, sijui. Kusoma kwa sauti ndiyo kazi yangu. Nikaanza.

"Je, kuna mtu wa nyumbani aliyewahi kutaja uzito wako mbele ya watu?"

Nikasoma linalofuata. "Je, watu walicheka?"

Sauti yangu ilianza kupungua kama redio iliyoishiwa betri. "Je, huwa unasema umeshakula, au unafunga kwa maombi, ili usikae mezani na wengine? Je, unahisi baridi wakati wengine hawahisi?"

Nikaona jikoni kwetu. Nikaona mtoto amekaa karibu na moto hadi pindo la sketi limeungua, amevaa sweta mbili na juu yake koti langu. Nilikuwa nimemtania kwamba anajiandaa kupanda mlima.

"Endelea, mama," mwalimu akasema.

Sikuweza. Nikamuuliza, "Na kama mtu hajakonda sana? Kama kila mtu anamwambia amependeza?"

Hakucheka. "Hao ndio tunachelewa kuwafikia," akasema. "Watu wanangoja kuona mifupa, na moyo unaweza kupata shida kabla mifupa haijaonekana."

Akaeleza, kwa ile sauti ndogo, kwamba mtu akichekwa mwili wake, aibu hiyo inamkaa kama hofu. Ni kama mtu aliyekimbizwa na ndovu wa msituni, halafu ndovu akahamia nyumbani kwake. Halali vizuri. Mwingine anakula kwa siri kupita kiasi, mwingine anaacha kula, na wote wawili wanajichukia. Mtu mmoja akauliza tufanye nini tukimkuta wa namna hiyo. Akasema tusibishane naye juu ya sahani, tusitaje kilo, na nyumbani wampeleke mapema apimwe moyo na damu.

Moyo. Mimi nilikuwa naogopa mtihani wa kidato cha pili, kumbe ni moyo.

Sikungoja chai ya saa kumi. Nilimpigia binti yangu simu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nimesema uongo mwingi mtamu maishani, lakini hili ni kweli: safari hiyo ya kurudi sikumsemesha mtu hata mmoja. Nilikuwa najiambia, atakuwa anachuma majani, simu ameiacha ndani. Kisha najijibu, na kama yuko ndani pamoja na simu?

Jikoni kwetu hakukuwa na moshi. Mlango ulikuwa wazi. Nikamwita. Sauti yangu, ile ya Ruiri, haikutoka. Nilikimbia shambani na mwili huu wangu, nikivunja matawi ya chai, na nikamwona katikati ya mistari. Amekaa chini, kikapu kimelala ubavu, majani yamemwagika.

"Niliona giza kidogo tu," akasema. "Imeisha."

Nikakaa kwenye matope kando yake, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikatafuta mshipa wa kifundo cha mkono. Mimi ninayehesabu magunia foleni nzima bila kukosea, nilishindwa kuhesabu. Ulikuwa unapiga, unanyamaza, na mimi nasubiri, nasubiri, halafu unapiga tena.

"Twende hospitali."

"Siendi."

"Mtoto wangu, nakuomba."

"Siendi, Mami! Huko kitu ya kwanza ni mizani. Wanakupandisha, wanasema kwa nguvu, watu wa benchi wote wanasikia."

Mahali pa kumponya ndipo palipokuwa na kile kitu alichokiogopa kuliko kufa, na mimi mama yake ndiye niliyemfundisha kukiogopa.

"Ile siku ya ndoano," nikaanza, "nilikukosea."

Akaanza kuokota majani moja moja akiyarudisha kikapuni.

"Ulisema na moja ya maji," akasema.

Miezi minne. Mimi nilikuwa nimesahau kabla lori halijafika.

"Nilisema. Na sikupaswa. Hakuna mtu atasikia kilo zako tena. Nikishindwa, usinisemeshe mpaka uolewe."

"Na kanisani?"

"Hata kanisani sitasema. Wakiniuliza, nitaimba."

Akanitazama kama mtu anayepima kama daraja litamshika. Kisha akanipa mkono nimwinue.

Tulikwenda asubuhi iliyofuata kwenye zahanati iliyo karibu. Usiku huo sisimulii. Benchi lilikuwa limejaa, na mizani ilikuwa pale pale mlangoni mbele ya watu, kama madhabahu. Nesi mmoja anasoma kilo, mwenzake dirishani anaandika. Ilikuwa kazi yangu hasa, tofauti ni kwamba hapa hawatoi gunia.

"Panda, mwanangu," nesi akasema.

Binti yangu akageukia lango. Nilimshika sweta, nikamwinamia nesi, na nikaongea kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kutoa. Ilikuwa ya kuazima kutoka kwa yule mwalimu.

"Sista, tafadhali. Apande akiwa ametazama ukuta. Na usisome."

"Mama, huyu ataandika nini nisiposoma?"

"Najua. Mimi pia ni karani wa mizani. Chukua kalamu uandike mwenyewe, nakuomba sana. Uzito ndio uliotuleta hapa."

Alinitazama, akamtazama mtoto, sweta mbili na koti. Akaenda dirishani akachukua kalamu. "Geuka ukutani, mrembo," akasema. "Shika kidole cha mama."

Akapanda, macho amefumba, kidole changu amekibana kikawa cheupe. Namba ikatulia.

Mimi niliiona. Na mdomo wangu, jamani, wenyewe tu, ulifunguka. Miaka tisa ya mazoea. Pumzi ilikuwa imeshapanda, herufi ya kwanza iko kwenye ulimi. Nikaung'ata ulimi mpaka nikasikia chumvi ya damu. Nesi akaandika, akafunika karatasi kwa kiganja chake. Watu wa benchi hawakusikia kitu.

Ndani, daktari alisikiliza moyo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akahamisha kile chuma, akasikiliza tena. Hakututania. Aliandika barua ya kwenda hospitali kubwa Embu, akasema, "Leo. Si kesho."

Tulisubiri gari kwenye ukuta wa nje, kwenye jua. Nilikuwa nimebeba maziwa kwenye chupa. Sikumwambia anywe. Niliiweka katikati yetu, nikatazama barabara.

"Mami. Uliona?"

"Niliona."

"Ni ngapi?"

"Sisemi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Hata foleni yote ikipiga magoti."

Akainama kidogo, na nikafikiri ni giza lile tena. Kumbe alikuwa anaegemea bega langu.

"Wewe huwezi kunyamaza," akasema. "Utapasuka kabla tufike Embu."

"Basi nipasuke."

Gari likatokea kwenye kona. Akaichukua ile chupa, akaifungua, akatia mdomo mara moja, kidogo sana, akaifunga. Sikugeuka. Sikusema asante, sikusema ongeza, sikumsifu Bwana kwa sauti. Nilishika tu kifundo cha mkono wake nikijifanya namsaidia kupanda, nikasubiri pigo la mshipa, na lilipokuja nikaanza kusubiri lingine.