Chai ya Rangi ya Mama Mkwe

Jamani, hili ninalowasimulia mke wangu alishanikataza kulisimulia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeamua nizeeke nalo kimya kimya, lakini kwa kuwa Tunduma nzima (sawa, mtaa wetu na nusu ya kanisa) wanalijua tayari, na kila mmoja analiongezea chumvi yake, bora mlisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika.

Mtoto wetu wa kwanza, Upendo, alikuwa na miezi miwili, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kubatizwa. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka Isansa kuja kumwangalia binti yake na mjukuu, na huyo mama, nawaambia ukweli wa Mungu, ni fundi. Ananunua masweta ya mtumba, yale ya sufu ambayo watu wanayaruka kwa sababu yametoboka viwiko, anayafumua mpaka yanarudi kuwa uzi, anaufua, anautia rangi mwenyewe kwenye sufuria, halafu anafuma kofia na soksi za watoto ambazo ukiziona unabaki umeshika kiuno. Na rangi yenyewe anaitoa kwenye maganda ya vitunguu! Mwezi mzima alikuwa akipita kwa akina mama wa sokoni anaokota maganda makavu, mfuko kwa mfuko, mimi namtazama kwa mbali tu na kushangaa, maana kwetu Wanyiha mama mkwe anaheshimiwa kwa umbali, humkalii karibu, humkodolei macho, na ukiwa na swali unalipitishia kwa mke.

Kofia ilikuwa tayari. Soksi moja ilikuwa tayari, rangi ya dhahabu iliyokolea, hata nikaona aibu kwa viatu vyangu. Ilibaki soksi ya pili, na uzi wake ulikuwa bado mweupe.

Sasa Jumamosi saa tisa mchana wakaingia wageni wa jumuiya, watu sita, wakiongozwa na Mzee Simbeye, mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akilalamika hata kwa jua. Mama mkwe hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa jirani kuulowesha uzi kwa sababu kwetu maji yalikuwa yamekatika. Mke wangu Neema alikuwa chumbani ananyonyesha. Nikachungulia mlangoni nikamwambia wageni wamefika, naenda kuandaa chai.

"Msubiri mama arudi," akasema.

"Chai tu nayo inanishinda?"

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Naingia jikoni nakuta sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa, imefunikwa, nafunua, maji mekundu ya kahawia yanafuka mvuke, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mkwe mwenye akili, kumbe katuandalia chai ya rangi kabla hajatoka! (Na ni kweli ilikuwa ya rangi, hilo siwezi kubisha.) Nikatia sukari bila uchoyo, nikaponda tangawizi, nikamimina vikombe sita, nikapeleka kwenye sinia kama mhudumu wa hoteli. Kuonja? Sikuonja. Nilisikia kaharufu ka kitunguu, nikadhani ni kutoka kwa jirani.

Mzee Simbeye akaomba, wakasema amina, wakanywa. Mama Debora, ambaye huwa hanyamazi hata kwenye maombi, akatazama kikombe chake, akamtazama mwenzake.

"Baba Upendo," Mzee Simbeye akasema taratibu, "hii chai ni ya majani gani?"

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini mimi kazi yangu ni kutoa mizigo mpakani, kutwa nzima naulizwa maswali na ni lazima niwe na jibu, basi jibu likatoka lenyewe: "Ni majani ya Zambia, Mzee. Ndugu yangu wa Nakonde ndiye huniletea. Yanasafisha damu."

"Nilijua tu ni dawa," Mama Debora akasema, amekunja uso. "Na mimi nina presha. Utaniagizia pakiti mbili."

Nikasema hamna shida. Mzee Simbeye aliposikia inasafisha damu akamaliza kikombe chote, na mimi mwenye haya chache nikamwongezea cha pili.

Mara Mama Debora akaingiza vidole mdomoni akatoa uzi.

"Na huu?"

"Ni kile kiuzi cha majani ya vifuko," nikasema, jasho linanitoka.

Akauvuta. Ukaja. Akauvuta tena, ukazidi kuja, wa dhahabu (kumbe ulisahaulika sufuriani wakati wa kutia rangi soksi ya kwanza), unachuruzika chai, umefika kifuani, umefika magotini, sasa wageni wote wameacha vikombe wanamtazama anavyovuta, na mimi namuomba Mungu ule uzi ukatike.

Ndipo mama mkwe akaingia na uzi wake mbichi begani. Akasalimia kila mtu vizuri, akapita jikoni, akarudi na sufuria imebaki masalia chini.

"Jamani, rangi yangu ya kutilia uzi iko wapi?"

Mzee Simbeye alichungulia kikombe chake kwa muda mrefu. Neema alikuwa ametokea mlangoni na mtoto, nikamtazama anisaidie kupeleka ujumbe kama desturi, akageuzia uso ukutani. Ikabidi niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu.

"Mama, nimewapa wageni. Nilidhani ni chai. Na yale ya Nakonde nimetunga."

Nilitegemea afunge mizigo yake arudi Isansa. Yeye kwanza akawageukia wageni: "Msiogope, ni maganda ya vitunguu tu na kipande kidogo cha shabu, ile ile tunayosafishia maji. Hafi mtu. Aliyebakiza anirudishie."

Wakaanza kumimina vikombe kwenye sufuria, mmoja mmoja, kama wanatoa sadaka.

"Mimi nimekunywa viwili, mama," Mzee Simbeye akasema kwa huzuni. "Nisamehe." Hapo ndipo nyumba ilipolipuka kwa kicheko, mpaka Upendo akaanza kulia.

Rangi iliyobaki haikutosha. Uzi ulitoka manjano hafifu, na mtoto hawezi kubatizwa na soksi mbili zisizofanana. Mama mkwe aliusuuza ule uzi mara tatu kwa jirani kutoa sukari yangu, akauanika juani, halafu (moyo uliniuma) akachukua ile soksi nzuri iliyokwisha akaifumua yote. Akaniita. Mimi!

"Mkwe, kaa hapa. Nyoosha mikono."

Akanivika ule uzi kwenye viganja viwili, akaketi mbele yangu hatua moja tu, akaanza kuukunja kuwa bonge, na wageni wakagoma kuondoka. Sikujua macho niyaweke wapi, nikayaweka kwenye vidole vyake. Vilikuwa na alama za rangi hadi kwenye kucha, na havikukosea hata mara moja.

"Usishushe mikono," aliniambia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kuniambia moja kwa moja siku hiyo, bila kumpitia Neema, tangu nioe.

Alifuma soksi zote mbili upya, mstari wa dhahabu, mstari wa manjano, na asubuhi kanisani akina mama walizishika miguuni mwa mtoto kabla mchungaji hajamshika kichwani, wakiuliza wapi zinauzwa. Nikawaonyesha mama mkwe alipokaa.

Nimeapa: kitu nisichokijua nitasema sikijui, hata kama wageni ni sita na mzee wa kanisa ni miongoni mwao. Tena nimepewa kazi na mama mkwe. Kila mtumba mpya ukifunguliwa pale mnadani, mimi ndiye nachomoa kiuzi kwenye sweta, nakichoma kwa kiberiti, nanusa. Kikinuka nywele zilizoungua ni sufu, kikiyeyuka kama plastiki naacha. Vijana wa mpakani wananiona nanusa masweta wanakufa kwa kicheko. Wacheke. Mwezi uliopita nilipeleka Isansa masweta manne, mama mkwe akayakagua moja moja, akarudisha moja tu.